Sabuni na Namba ya Injini

Kila alasiri akitoka shule, Sabuni alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akatafuta kingine cha kusafisha hata kama hakikuwa kichafu. Ndiyo maana nyumba nzima ililisahau jina lake la shuleni. Aliwahi kuisugua kofia ya babu yake mpaka ikachujuka rangi. Babu akaivaa hivyo hivyo, akidai sasa ni kofia ya bwana harusi.

Babu alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake hadi macho yalipoanza kufifia. Sasa alitembea uani kwa kupapasa ukuta. Bodi ya lori lake ilishaoza ikauzwa vipande vipande, lakini kitu kimoja alikataa kukitoa: bloku ya injini, lile bonge la chuma lenye matundu makubwa ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ilikaa chini ya turubai nyuma ya jiko. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao, wakaitamani, wakarudi mikono mitupu.

"Ninyi mnapima kilo," Babu aliwaambia. "Hii inataka mtu anayejua ni nini."

Mwaka huo mama yake Sabuni alitaka kujenga chumba pale nyuma ya jiko. Babu hakubisha. Walikubaliana kwamba asipopatikana fundi wa kuitaka, bloku itakwenda kwenye tanuru ikayeyushwe. Babu alikubali kwa mdomo, ila siku hiyo chakula hakikumshuka.

Bahati nzuri, habari zikamfikia fundi mmoja mwanamke wa mji wa jirani. Alikuwa akifufua lori la marehemu baba yake, la aina ile ile ya zamani, na bloku yake ilikuwa imepasuka vibaya. Mama alimsomea kwenye simu namba iliyogongwa juu ya bloku, naye akasema atakuja Jumamosi kuikagua.

"Nikiisikia ikinguruma tena, hata mara moja tu," Babu alisema, "roho yangu itatulia."

Sabuni aliyabeba maneno hayo moyoni. Ijumaa, mama akiwa sokoni na babu amejipumzisha, alifunua turubai. Akachukua mafuta ya taa na brashi ya waya, akasugua grisi iliyoganda mpaka jasho likamtoka. Karibu na ukingo wa juu alikuta sehemu bapa, imejaa kutu na mikwaruzo. Brashi haikuiweza. Akaleta tupa ya kunolea majembe, akakata kutu, akakata mikwaruzo, mpaka chuma kikang'aa. Hapo ndipo alipoona mkia wa tarakimu moja ukiishia ukingoni.

Kumbe ile mikwaruzo ndiyo iliyokuwa namba.

Alijua mgeni anaitaka namba ile, na bila namba babu ataipoteza injini yake. Badala ya kumwita mtu, akatafuta msumari mgumu na nyundo. Akagonga nukta kwa nukta tarakimu alizokumbuka kumsikia mama akizisoma kwenye simu. Zilikaa upogo upogo. Akazipaka oili na vumbi ili zionekane za kale.

Jioni Babu akaja kuiaga bloku yake. Akaipapasa kama mtu anayemshika mtoto mgonjwa. Kidole chake kikafika kwenye namba, kikasimama, kikarudi, kikapita tena polepole.

"Umefanya kazi kubwa leo, mjukuu wangu."

"Ndiyo, Babu."

"Huna la kuniambia?"

"Sina, Babu."

Babu akaifunika bloku mwenyewe. Sabuni hakula vizuri usiku ule, na mama alipomuuliza, akasingizia tumbo.

Fundi alifika Jumamosi asubuhi na pikapu. Alikuwa mnene, mcheshi, mikono imejaa makovu ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Karibu umwone mzee mwenzangu."

"Nisije nikawachanganya, nikakuchukua wewe nikamwacha yeye," fundi akasema, wote wakacheka isipokuwa Sabuni.

Bloku ilipofunuliwa, fundi akainama. Kicheko kikapotea usoni. Akapitisha kidole kwenye namba, akaikuna kidogo kwa ukucha, oili na vumbi vikabanduka. Akatoa simu yake, akalinganisha.

"Mzee, hii siyo namba niliyosomewa. Tarakimu mbili za mwisho zimebadilishana nafasi. Na hapa pamepigwa tupa juzi juzi tu." Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini alikuwa ameshasimama. "Sikutuhumu. Ila wewe umekaa barabarani, unajua injini inayofutwa namba ni injini ya namna gani. Nikikamatwa nayo gereji, mimi ndiye mwizi."

Mama akashika kichwa. "Namba niliisoma mimi mwenyewe! Ilikuwepo!"

Babu alisimama akiegemea ukuta, mdomo umebana. Sabuni alimtazama mzee aliyeendesha lori miaka yote ile bila kuiba hata dumu la mafuta ya watu, na leo anaangaliwa kama mwizi ndani ya ua wake. Hilo hakuliweza.

"Ni mimi," akasema.

Wote wakamgeukia. Machozi yalimtangulia, lakini alieleza yote: tupa, msumari, oili na vumbi. Akakimbilia jikoni, akaleta tupa na ule msumari, akaviweka mbele ya fundi. Chembe za chuma bado zilikuwa zimenasa kwenye meno ya tupa.

"Nilitaka ing'ae, Babu. Halafu nikaogopa watakuyeyushia."

Fundi aliiangalia ile tupa, akamwangalia msichana, akapumua.

"Loo, mtoto huyu. Wezi huwa wananyoosha tarakimu zao angalau." Akachuchumaa tena. "Haya, mzee, una kadi ya lori?"

"Ipo. Na ubavuni mwa bloku, upande wa kushoto chini ya yale matope meusi, kuna namba nyingine," Babu akasema. "Sabuni, hiyo nenda kaisugue. Kwa brashi. Tupa iache hapo hapo."

Sabuni akapiga magoti, akasugua huku bado ana kwikwi. Gamba la grisi likatoka, zikajitokeza tarakimu nene zilizoinuka juu ya chuma.

"Hizi hakuna anayezigonga," fundi akamweleza. "Chuma kilipokuwa bado uji wa moto, kilimiminwa kwenye kalibu yenye tarakimu hizi. Zinanionyesha aina ya injini na lini ilitengenezwa. Ndiyo hii niliyokuwa naitafuta."

Lakini kuijua aina hakutoshi kuijua thamani. Fundi akapima upana wa kila silinda kwa kipimo chake, akaona zimelika, ila nyama ya chuma ya kutosha imebaki kuzikereza zinyooke tena. Akapaka mafuta ya taa, akayafuta, akanyunyiza unga wa chaki, akasubiri. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hurudi nje na kuchora mstari mweusi. Mstari mfupi ulijitokeza karibu na njia ya maji.

"Huu unatibika," akasema. "Ungekuwa katikati ya silinda mbili, ningekuaga hapa hapa."

Babu akaleta gunia lenye vifuniko vya chini vya bloku, vile vinavyoushika mhimili unaozunguka, amevifunga kwa waya kwa mpangilio wake. Fundi akafurahi waziwazi. Vifuniko vya injini nyingine, alisema, haviwezi kukaa sawa bila kazi kubwa.

Mwishowe akataja bei. Ilizidi mara nyingi ile ya chuma chakavu, lakini hakuficha kwamba alikuwa amepunguza. "Kwa sababu ya ufa, na kwa sababu ya namba. Jumatatu tutakwenda na kadi yako kwenye ofisi ya usajili wa magari, tueleze ukweli, tuombe idhini ya kuigonga upya. Ni usumbufu, mzee. Binti huyu asingesema, ningeondoka na nisingerudi."

"Ni haki," Babu akasema. "Na siku utakayoiwasha?"

"Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Utakaa mbele."

Pikapu ilipoondoka na mzigo wake, Sabuni alibaki kwenye ile alama nyeusi iliyoachwa ardhini. Babu akaja akipapasa mpaka akalipata bega lake, akakaa naye kwenye kizingiti cha jiko.

"Babu, jana kidole chako kilijua."

"Kilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja."

"Na leo ningenyamaza je?"

"Ningesema mimi kabla fundi hajatia mguu kwenye gari. Nisingemuuzia mtu uongo. Injini ingekwenda kuyeyushwa, nami ningelia, ningenyamaza." Akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kuharibu si dhambi. Mimi nimeharibu gia za watu kabla hajazaliwa mama yako. Mtu akiharibu, aseme mapema, wakati bado kuna la kutengenezwa. Ukifunika, unakuwa na makosa mawili, na la pili ndilo linalowaumiza wengine. Leo lilikuwa linaniumiza mimi."

Sabuni akaegemeza kichwa kwenye kifua cha babu yake.

"Nisamehe, Babu."

"Nilishakusamehe jana. Nilikuwa nasubiri uje uuchukue msamaha wako."