Nani Aliiondoa Sura ya Kumi na Tisa?

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Mama Gundi alikifungua kitabu ili akaze jalada lake, akakuta hakina mwisho. Sura ya kumi na nane ilikuwepo mpaka pale mpelelezi anapofunga mlango wa ukumbi na kuwaambia wasanii wote wakae chini. Baada ya hapo hakukuwa na kitu ila karatasi ya maoni iliyobandikwa nyuma. Sura ya kumi na tisa, ile inayomtaja muuaji, ilikuwa imeondoka, kurasa kumi na sita kamili.

Alikaa kwenye kigoda chake akashika kichwa. Mwanamke huyu alikuwa amejalidi vitabu vya maktaba ile kwa miaka kumi na minane, katika chumba cha nyuma chenye meza moja na harufu ya gundi iliyompa jina. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe wawili, na wa tatu alikuwa bado shuleni. Na kitabu kile hakikuwa kitabu hivi hivi. Kiliitwa *Pazia Halikufunguliwa*, hadithi ya mwimbaji mashuhuri aliyekutwa amekufa katika chumba cha kujipamba, siku moja kabla ya safari iliyokuwa imfanye nyota wa dunia. Kwa mwezi mzima kilikuwa kimewagawa wanachama wa chama cha wasomaji kama mechi ya watani.

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Nakala ilikuwa moja, hivyo walipokezana. Kila aliyemaliza aliandika maoni nyuma, mradi asimtaje muuaji. Siku ya kikao, sura ya mwisho ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, ndipo vita vikaanza. Kikao kilikuwa leo, saa kumi alasiri.

Mkutubi mkuu, mtu wa tai na kanuni, alikipekua kitabu, kisha akafungua daftari la marejesho.

"Kimerudishwa na Mzee Redio jana saa kumi na moja jioni. Hapa pameandikwa 'kamili', na sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Usiku kimelala chumbani kwako. Funguo unazo wewe. Visu unavyo wewe."

Mama Gundi alilitazama daftari. "Mkuu, nilitia sahihi bila kufungua. Mzee Redio hurudisha vitabu vimefungwa kwa gazeti ili visipate vumbi. Miaka yote nampokea, naandika 'kamili', nafungua gazeti siku ya kukitengeneza. Ndiyo mazoea yetu."

"Basi umejimaliza kwa kinywa chako. Ama umeiba, ama hukufanya kazi yako." Alifunga daftari. "Kikao siahirishi. Saa kumi uwe na maelezo mbele ya wanachama. Usipokuwa nayo, weka funguo mezani."

Mama Gundi angeweza kulia, na machozi yalikuwa karibu. Badala yake aliwasha taa ya mezani akakiinamia kitabu. Jambo la kwanza: kurasa hazikuchanwa. Fungu zima la kurasa lilifunguliwa kwenye mshono, taratibu, bila tundu hata moja kupasuka. Aliyefanya hivi hakukichukia kitabu. Jambo la pili: uzi. Yeye alishonea uzi wa nailoni, na wembe ukiukata huacha ncha iliyofumuka. Ncha hizi zilikuwa zimejikunja kuwa vidonge vidogo, vigumu, vyeusi. Hakuelewa. Aliufunga uzi ule kwenye karatasi, akasoma maoni.

Wa mwisho kukisoma walikuwa watatu. Mwalimu mstaafu aliandika: "Mtu anayependa hivyo hawezi kuua hivyo. Sura ya mwisho ingechanwa, kitabu kingepona." Kinyozi aliandika: "Mwisho mtamu kuliko yote! Nilimtilia shaka tangu alivyosimama mlangoni na lile koti." Ya tatu yalikuwa ya Bi Chiriku, mke wa Mzee Redio. Macho yake yalikuwa yamezima miaka sita sasa, kwa hiyo mumewe humsomea na kumwandikia: "Namhurumia muuaji. Maisha yake yote amekaa nyuma ya wenzake jukwaani, hakuna anayemtazama. Mimi nimemsamehe."

Saa nne kasorobo alikuwa kwa mwalimu, aliyempokea kwa miwani puani na kalamu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Uliandika sura ya mwisho ingechanwa. Imeondolewa."

"Marahaba. Na ndiyo umekuja kwangu?" Mwalimu aliangua kicheko. "Mwanangu, nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Kosa silichani, nalizungushia wino mwekundu. Lakini hebu niambie, wewe umekisoma. Mume? Mume anayemngoja mkewe nje ya mlango kila onyesho, koti mkononi, hajakanyaga jukwaa hata siku moja, ndiye amtilie dawa kwenye maji ya kusukutua koo?"

"Alitaka akose safari tu, Mwalimu. Hakutaka afe."

"Ndiyo upuuzi wenyewe! Mapenzi gani hayo?"

"Huenda yapo."

"Kwenye vitabu." Mwalimu alishusha sauti alipoona uso wa mgeni wake. "Kazi yako imo hatarini, siyo? Sikiliza. Nilimpa kinyozi kitabu mkononi, Jumatatu, na sura zote kumi na tisa. Muulize."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini na nyembe tatu kwenye glasi ya dawa. Mama Gundi alizitazama nyembe, kinyozi akamtazama yeye.

"Mama'ngu, usinitazame hivyo, mimi nanyoa vichwa tu! Ile sura niliisoma hapa hapa dukani, Jumatano saa tano asubuhi, kwa sauti. Walikuwepo watu wanane. Mmoja nilikuwa nimemnyoa upande mmoja, akaniambia weka wembe chini, malizia hadithi kwanza."

"Kweli," alisema mteja kitini. "Huyo ni mimi."

"Na baadaye?"

"Jioni ile ile nikampelekea Mzee Redio. Kilikuwa kizima kama yai."

Mama Gundi alitoka dukani akihesabu waliokishika kitabu. Kati ya kinyozi na chumba chake cha gundi alibaki mtu mmoja tu, na mtu huyo hata kurasa hakuzikunja pembe. Alizunguka mitaani akijiambia haiwezekani. Lakini saa nayo haikumngoja, na alipobisha kwa Mzee Redio ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Mzee alikuwa kwenye meza yake ya ufundi, chuma cha kulehemu kikifuka moshi. Bi Chiriku alikaa karibu na dirisha, shingo wima. Zamani alikuwa mwimbaji, na hata sasa alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani.

"Shikamooni."

"Marahaba! Hiyo ni sauti ya Mama Gundi," alisema Bi Chiriku kwa furaha. "Karibu, mwanangu. Umekuja kutuchukua? Leo sikosi. Nataka kuisikia tena ile sura ya mwisho, nilie vizuri."

"Uliipenda, bibi?"

"Mno! Huyu mzee alinisomea Alhamisi, saa tatu usiku. Akawa anakwamakwama, nikamtania, je, na yako macho yanakwenda? Lakini yule mpiga ngoma, maskini! Kumbe ni yeye! Miaka yote yuko nyuma, anawapigia wengine wacheze. Mtu akisahauliwa huoza moyo."

Mama Gundi aliikumbuka ile sura. Katika kitabu alichokisoma yeye, mpiga ngoma hakuua hata nzi. Aligeuka kumtazama mzee, naye mzee aliinamisha uso kwenye kazi. Alikuwa anafungua fundo la nailoni lililobana nyaya. Kwa uzee hakuweza tena kushika wembe, kwa hiyo aligusa fundo kwa ncha ya chuma cha moto. Uzi ukakatika, ncha zikajikunja kuwa vidonge vidogo vyeusi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini Mama Gundi hakuhisi hasira. Alihisi huruma, na juu ya huruma hiyo, hofu ya funguo zake.

"Nikusindikize, mwanangu," alisema mzee, akainuka.

Nje, kibarazani, alizungumza kwa kunong'ona. "Umejua."

"Nimejua nani na vipi. Sijajua kwa nini. Mzee wangu, wananitoa kazini."

Mzee alishtuka kweli. "Wewe? Nilidhani kikao kitaahirishwa, basi. Ningezirudisha kurasa baada ya wiki, chama kikiwa kwenye kitabu kingine."

"Mkuu hakuahirisha. Saa kumi naweka funguo mezani. Mimi sitakusemea mbele ya mkeo, siwezi. Lakini nina mtoto shuleni."

Mzee aligeukia mlango. Alirudi ndani, na Mama Gundi akaenda zake huku akijiita mjinga njia nzima.

Saa kumi kamili, viti kumi na vinne vilikuwa vimejaa. Mwalimu na kinyozi walikuwa wameshaanza kurushiana maneno, huyu akidai mwisho ulikuwa wa kipuuzi, yule akidai mwalimu hajui mapenzi. Bi Chiriku alikaa safu ya mbele, mumewe kando yake, koti limefungwa vifungo vyote ingawa kulikuwa na joto. Mkutubi mkuu aligonga meza. Alieleza kilichopotea, akasoma daftari la marejesho, akataja sahihi.

"Mama Gundi, una maelezo?"

Alisimama. Kwenye kiganja alikuwa na karatasi yenye uzi, na kauli moja tu ingemwokoa. Alimtazama Bi Chiriku, aliyekuwa amemgeuzia uso huku anatabasamu kumtia moyo.

"Nina kosa langu, Mkuu. Nilitia sahihi bila kufungua. Kurasa sikuziiba." Akaweka funguo mezani, na zikalia kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

"Funguo za nani hizo?" aliuliza Bi Chiriku. "Za Mama Gundi? Kwa nini anaziweka? Mzee, mbona husemi kitu? Kitabu alikirudisha nani, si wewe?"

Mzee Redio alisimama. Alifungua koti, kifungo kimoja kimoja, akatoa kifurushi cha gazeti.

"Mrudishieni mwenyewe funguo zake," alisema. "Kurasa ni hizi. Nilizitoa mimi Ijumaa saa nane mchana, mke wangu akiwa amelala."

Watu waliguna. Mama Gundi alifungua karatasi yake na kumwonyesha Mkuu ncha za uzi. "Huu umekatwa kwa chuma cha kulehemu. Na maoni ya Bi Chiriku yanamsema mtu aliyekaa nyuma ya wenzake jukwaani, wakati muuaji wa kitabuni hajakanyaga jukwaa. Bibi alisomewa mwisho mwingine."

"Mwingine upi?" Sauti ya Bi Chiriku ilikuwa imebadilika. "Muuaji si mpiga ngoma?"

Kinyozi alitazama chini. Hata mwalimu alivua miwani.

"Ni mume," alisema Mzee Redio. "Alimharibia safari kwa kuogopa kuachwa. Nilipofika hapo Alhamisi, ulimi ulikataa. Nikambebesha mpiga ngoma kosa palepale. Halafu ukaniambia niandike maoni. Maneno yako sijawahi kuyageuza, nikayaandika kama ulivyoyasema. Lakini leo wangesoma kwa sauti, ungeyasikia, ungeuliza kwa nini nilidanganya."

"Nakuuliza sasa."

"Kwa sababu mimi ndiye huyo." Alishika mgongo wa kiti. "Miaka thelathini na moja iliyopita ilikuja barua. Bendi kubwa ilikutaka ukaimbe nao nje ya nchi. Uliingoja barua ile miezi mitatu, ukasema labda sauti yako haikuwafaa. Ukaacha kuimba. Barua ilikuwa kwangu."

Machozi yalimtiririka Mama Gundi bila kujificha, na hakujua anamlilia yupi kati ya wale wawili.

Mkutubi mkuu alizisukuma funguo mpaka ukingo wa meza, upande wa Mama Gundi. "Chukua, mama," alisema polepole. "Nilikosea kukuhukumu kabla ya saa kumi. Kuanzia leo gazeti linafunguliwa kwanza, sahihi baadaye."

"Ndiyo, Mkuu." Alizichukua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi mpaka mwisho.

"Mnisamehe nyote," alisema Mzee. "Wewe hasa, Mama Gundi. Ningenyamaza leo, ningekuwa nimemnyima mtu wa pili riziki yake."

Bi Chiriku alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akalipata koti la mumewe, akalivuta, mzee akakaa.

"Barua iko wapi?"

"Ndani ya redio ya kwanza niliyoitengeneza. Lakini naijua kwa moyo."

"Nisomee."

"Hapa?"

"Hapa. Na usimtie mpiga ngoma."

Aliisema yote, tangu salamu mpaka sahihi. Walimtaka yeye na sauti yake, gari lingemchukua saa kumi na mbili asubuhi, mkataba ulikuwa wa miezi sita. Alipomaliza, mkewe alimgeuzia uso, shingo ikiwa wima vilevile.

"Ningekwenda," alisema.

"Najua."

"Hujui. Ningekwenda miezi sita, niimbe mpaka nishibe, halafu ningerudi nyumbani kwako. Hilo ndilo hukulijua, mzee wangu, miaka yote thelathini na moja."