Mapazia Mazito ya Mama Kitinda

Mtaani hapakuwa na fundi wa mapazia kama Mama Kitinda. Pazia lake likishatundikwa dirishani, jua lilipiga hodi mpaka likachoka. Wateja walimsifu, naye hakuona haya kuzipokea sifa hizo.

Lakini mapazia mazito kuliko yote aliyatundika nyumbani kwake. Hakufanya hivyo kwa urembo. Binti yake wa mwisho, Kitinda, mwenye miaka minane, alikuwa na pumu. Mara kwa mara kifua kilimbana, akapumua kwa shida, na mama akakaa roho juu. Mwishowe alikata shauri: mtoto asitoke nje, asije akakutana na vumbi na baridi. Muhula huo hata shule alimwachisha.

Kutwa nzima Kitinda alikaa chumba cha kushonea, karibu na cherehani, akipanga vifungo kwa rangi. Hata hivyo kikohozi hakikupungua.

Asubuhi moja jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuagiza mapazia.

"Shikamoo," Kitinda alimwamkia, kisha akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujaenda shule?"

"Mama kanifungia humu na vitambaa vyake."

"We mtoto!" mama alimkemea, huku akicheka kwa aibu. "Dada, ni hiyo pumu. Huko nje vumbi tupu."

Muuguzi alipitisha kidole juu ya cherehani. Kidole kiligeuka cheupe kwa vumbi la nyuzi. "Na hili la humu ndani je, fundi?"

Mama Kitinda alikitazama kile kidole, kisha mkasi wake. Kila mkasi wake ulipokata kitambaa, vumbi hilo lilipeperuka chumbani, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Alikuwa amemkinga mwanawe na vumbi la nje, akamketisha katikati ya vumbi la ndani. Moyo ulimuuma kweli.

"Tena mtoto haoni jua kabisa," muuguzi aliendelea. "Kesho mlete zahanati, tumpime damu."

Kesho yake walikwenda. Majibu yalionyesha kwamba Kitinda ana upungufu wa vitamini D. Daktari alimwandikia dawa ya matone, na muuguzi akakaa nao kuwaeleza.

"Ngozi ikipata jua, mwili hujitengenezea vitamini D," alisema. "Inaimarisha mifupa na kuusaidia mwili kupambana na magonjwa. Watoto wengi wenye pumu hukutwa nayo kidogo."

Uso wa Mama Kitinda ulichangamka, akatoa mkobani pampu mbili za Kitinda za kuvuta dawa. "Kumbe! Basi jua na matone, kazi imekwisha. Hizi pampu za pumu nazitupa leo leo!"

"Haraka ya nini, fundi? Wewe unaweza kushona shati kwa vifungo vitupu?"

Kitinda aliangua kicheko.

"Watafiti hawajathibitisha kwamba vitamini D inazuia pumu," muuguzi aliendelea. "Na kifua kikibana, matone hayafungui kitu. Tunampa kwa sababu amepungukiwa. Mpe kwa kipimo kilichoandikwa, maana yakizidi yanadhuru. Haya, niambie, pampu unampa lini?"

"Akibanwa tu."

"Hapo ndipo ulipokosea. Hii ni ya kukinga. Anavuta kila asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Hii nyingine ni ya kutuliza, ndiyo ya wakati wa kubanwa. Akiivuta asipate nafuu, mkimbize hospitali, usisubiri."

"Na jua?"

"Acheze nje kama wenzake. Ila usimwanike kama nguo!"

Jumamosi Baba Kitinda, aliyekuwa seremala, alihamishia cherehani barazani. Mama alipangusa chumba kwa kitambaa kibichi. Kisha akapanda kiti, akayashusha yale mapazia mazito.

"Fundi gani huyu anayebomoa kazi yake mwenyewe?" mumewe alimtania.

"Fundi mwenye mtoto," alijibu, akafungua dirisha.

Kuanzia hapo Kitinda alivuta dawa asubuhi na jioni, na alasiri alicheza kamba nje. Wiki zilivyopita, kikohozi kilipungua, hatimaye kikakoma. Muuguzi alimsikiliza kifua, akasema neno moja tu: "Shule."

Siku ya kurudi shule, mama alimpeleka mpaka getini. Alimkabidhi mwalimu pampu ya kutuliza na kumwonyesha inavyotumika. Kengele ililia, watoto wakaingia darasani, lakini mama hakuondoka. Alisimama ukutani saa nzima, kisha ya pili, akitega sikio asikie kama kuna anayekohoa.

Wakati wa mapumziko Kitinda alimwona kutoka ng'ambo ya uwanja. Alikuja mbio mpaka getini.

"Mama, bado uko hapa nenda nyumbani bwana wenzangu wananicheka dawa anayo mwalimu na mimi mzima!"

Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja. Mama Kitinda alicheka mpaka machozi yakamtoka, akageuka, akaenda zake.