Mgeni Aliyepewa Anwani

Taa ndogo ya kijani nyuma ya kompyuta ilikuwa inapepesa, na waya wa mtandao uliopaswa kuiwasha ulikuwa mkononi mwa Baba Kidoti. Aliutazama waya. Akaitazama taa. Akafuta miwani kwa pindo la shati, maana mtu huanza kwa kulaumu macho yake.

"Mama Kidoti, hebu njoo uone kioja."

"Kama kimeanza kufanya kazi, nakuja," mkewe alijibu kutoka sebuleni, mguu wake ukiwa kwenye cherehani. "Kama bado kimeharibika, hicho nimeshakizoea."

Alikuwa na haki ya kusema. Mumewe alifunga mitandao ya ofisi za watu, ofisi zenye vioo na walinzi, lakini ya nyumbani kwake ilikuwa imemshinda. Kinyozi hajinyoi. Ile kompyuta kuukuu aliiokoa kazini walipotaka kuitupa, akaiwekea mfumo wa Linux, akaisukumia stoo chini ya ngazi na kuiita seva kwa majivuno. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za mtoto wao wa pekee, tangu alipozaliwa njiti, hatoshi hata kiganja cha nesi. Wakamwita Kidoti, na jina likamganda hata alipokuwa binti wa miaka sita anayevunja vikombe. Tangu walipobadilisha ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, seva haikuonekana kwenye mtandao.

Kuna jambo mafundi wa mitandao hulifanya bila kufikiri. Ukitaka kujua nani yumo, unaita anwani moja baada ya nyingine, na kila chombo kilichomo kinajibu kwamba kipo. Baba Kidoti akachomeka waya, akakaa juu ya ndoo mbele ya skrini, akaanza kuita. Simu ya mkewe ilijibu. Televisheni ikajibu. Kisha akataka kuita anwani ya mwisho kabisa, ambayo hakuwahi kukipa chombo chochote, nayo ikajibu kabla kidole chake hakijafika kwenye kibodi.

Akachomoa waya. Ikajibu. Akaenda kuizima ruta, akarudi, akaita. Ikajibu. Ndani ya boksi la seva kulikuwa na mlio wa kitu kinachosaga meno, na stoo ilianza kunuka nywele zilizoungua.

Mtu mwenye akili zake angetoka pale akafunga mlango. Huyu wetu alikuwa mbishi. Aliwasha tena ruta, akachomeka waya, na kila anwani aliyoipa seva, yule asiyejulikana aliipora, seva ikatupwa nje. Wakahangaishana hivyo mpaka jua likahama dirishani. Mwishowe fundi akachoka, akafanya alichozoea kuzifanyia printa sugu za maofisini.

"Haya, bwana mkubwa," alisema. "Unapapenda hapo? Pawe pako."

Akafungua mipangilio, akaandika kwamba anwani ile ni ya yule asiyejulikana, ya kudumu, asiguswe. Seva akaipa nyingine. Papo hapo mtandao ukashika.

Wakakaa wote watatu sakafuni kuangalia picha, Kidoti akijicheka alivyokuwa amekunjamana kama zabibu kavu. Hapo ndipo kibao kilipompata Mama Kidoti. Alimgeukia mumewe, akaona mikono yake yote miwili iko kwenye kibodi. Kibao cha pili kilimrusha kwenye rafu, akatema jino.

"Nani kanipiga?" alinong'ona, damu ikimchuruzika kidevuni.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikupumua. Asubuhi cherehani ilijiwasha yenyewe, mguu wa Mama Kidoti ukiwa mbali na pedeli, ikamvuta kidole gumba na kukishonea kwenye gauni la mteja, sindano ikipanda na kushuka juu ya mfupa huku yeye akipiga mayowe na mumewe akipigana na gurudumu lisilokamatika. Kidoti alirudi kutoka kuoga akiwa na alama za meno mgongoni, meno ya mtu mzima, ila yalikuwa mengi kuliko yanavyopaswa kuwa kinywani. Baba mtu akakimbilia stoo kuchomoa umeme wa ile kompyuta, na mara tu alipochomoa, mtoto alianguka mlangoni, amekaukiwa na pumzi, midomo ikigeuka rangi, visigino vikigonga sakafu, mpaka baba akauchomeka tena umeme. Kidoti akavuta hewa, akalia.

"Usiguse tena," mkewe alimwambia kwa sauti ndogo sana. "Utaniulia mwanangu."

Mama Kidoti akamwita shangazi yake. Shangazi alikuwa anatoa mashetani, kazi ambayo Baba Kidoti aliicheka miaka yote, na sasa alimpokea langoni akiwa ameinamisha kichwa. Shangazi alikuja mchana kweupe na chungu chenye kifuniko kwapani. Alinusa mara moja tu.

"Nani kampa mahali?"

"Mimi, Shangazi."

"Kwa mdomo?"

"Nilimwandikia. Anwani ya kudumu."

"Elimu yote hiyo, mwanangu, halafu unamwandikia jini hati ya nyumba."

Shangazi akaweka chungu sakafuni, akakifunua.

"Aliyempa ndiye atakayemnyang'anya. Lakini nisikilize vizuri. Usifute kabla sijamaliza kumtajia kwamba aingie humu chunguni. Ukimtoa bila kumwonyesha pa kwenda, atajitafutia mwenyewe. Umenielewa?"

Alielewa kuliko alivyodhani Shangazi. Chombo kikinyang'anywa anwani hakikai hivi hivi. Chenyewe huzunguka kuomba nyingine, na kikikuta nafasi iliyo wazi kinaingia.

"Nimeelewa," alisema.

Akakaa juu ya ndoo. Mama Kidoti alikaa kizingitini, mtoto kifuani, kwa kuwa Shangazi alitaka wote wawe machoni pake. Shangazi akaanza kusema, taratibu kwanza, kisha kwa ukali kama mtu anayemfukuza mpangaji mkorofi, na kadiri alivyosema ndivyo ile harufu ya nywele ilivyozidi na mlio wa kusaga meno ukatoka ndani ya boksi ukahamia ukutani, ukapanda darini, ukashuka nyuma ya shingo ya Baba Kidoti, ambaye alikuwa amefika kwenye ule mstari aliouandika, kidole kikiwa juu ya kitufe, akisubiri, ndipo kitu kilipomshika kile kidole na kukikunja kinyume mpaka kikalia ko, halafu kinachofuata, halafu kinachofuata, naye akauma ulimi akisubiri bado, kwa sababu Shangazi alikuwa hajamaliza. Angeweza kuvumilia vidole. Lakini Kidoti alinyanyuliwa kutoka mikononi mwa mama yake kwa nywele, taratibu, miguu ikining'inia hewani, ngozi ya kichwa ikianza kuchanika, damu ikimwingia machoni, akaita, "Baba," mara moja tu, na baba akabonyeza kwa kidole kilichobaki kizima kwenye mkono ule.

Mstari ukafutika.

Kidoti akaanguka mapajani kwa mama yake. Kukawa kimya, na harufu ikakatika. Baba Kidoti akachukua nyundo kwa mkono mzima, akaishukia ile kompyuta, akaiponda bati, akaponda diski na picha zote zilizokuwamo, akaendelea kuponda hata palipokuwa hapana tena cha kuponda. Mkewe alilia kwa ajili ya zile picha, huku amemkumbatia mwenye picha, mzima, anapumua.

"Nilikuwa sijamaliza," Shangazi alisema.

"Ameondoka, Shangazi. Si unaona?"

"Kaenda wapi?"

Chungu kilikuwa wazi, kitupu.

Baba Kidoti aliifuata kompyuta yake ya kazini, akaja kukaa nayo sakafuni kando ya mkewe, akaiunganisha na ruta. Alitaka uhakika. Akaiita ile anwani, akasubiri. Skrini ikamwambia hakuna aliyejibu. Machozi yakamtoka, akacheka.

"Nipo," alisema Kidoti.

"Najua upo, mama," akamjibu, akimpapasa mguu. Mtoto alikuwa amelala, macho yamefumbwa, damu imeanza kumkaukia kwenye nyusi. Akaita tena, kumridhisha Shangazi.

"Nipo."

Mama Kidoti alimtazama mumewe. Baba Kidoti aliondoa mkono kwenye kibodi, na mtoto akanyamaza, kifua kikipanda na kushuka vizuri tu. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kujua, baba aliupeleka tena mkono, polepole, kwa kile kidole kizima cha mkono uliovunjwa.

"Nipo," alisema mwanawe, kabla kidole hakijafika.