Mgeni Aliyepiga Makofi Kinyume

Kofi moja lilichelewa. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi kuufuata wimbo, wakubwa kwa wadogo, na makofi yalikuwa yakishuka pamoja vizuri kabisa, isipokuwa hilo moja lililokuja nyuma ya yote, kavu, kama ubao ukigongwa kwa ubao. Nanga, mpiga dramu wa bendi, alilisikia akatabasamu. Alijua kazi imeanza.

Maana kila ukumbi una wasumbufu wake, na dansi la Jumapili mchana lilikuwa nao wa kumwaga. Kulikuwa na yule wa kudai wimbo uleule mpaka povu linamtoka, na ukishaanza kupigwa yeye huyoo, anakwenda chooni. Kulikuwa na wa kupanda jukwaani kumsaidia mwimbaji ambaye hajaomba msaada. Kulikuwa na fundi bomba mmoja ambaye bia zikimkolea ni lazima apewe maiki amsalimie mama yake, na mama mwenyewe yuko nyumbani kwake amelala. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, na kiongozi wa bendi alikuwa na sheria moja tu: mgeni haaibishwi. Ukimuumbua mtu mbele ya mkewe, umempoteza yeye na meza yake nzima.

Kwa wanaopiga makofi ovyo, dawa ilikuwa ni Nanga. Wenyewe waliita kumbeba mgeni. Mtu akipotea mapigo na kuanza kuwavuruga wachezaji, Nanga aliuacha mdundo wake kidogo kidogo, akamfuata hukohuko alikopotelea, bendi nzima ikamfuata Nanga, halafu taratibu akamgeuza na kumrudisha njiani. Mlevi wa watu aliketi akiamini kwamba ni yeye aliyewaongoza. Hakuna aliyewahi kumshinda Nanga katika hilo, na ndiyo sababu wakampa jina lile.

Basi Jumapili ile akainua macho kumtafuta mgeni wake. Alimwona kwenye meza iliyo kando ya nguzo, yuko peke yake, hana glasi wala chupa mbele yake, amevaa koti zito lililofungwa vifungo hadi shingoni na joto lote lile. Makofi yake yalikuwa mawili ya haraka, kimya, halafu moja linalochelewa. Mawili, kimya, moja. Nanga akamwingia. Akaulegeza mguu kwenye ngoma kubwa, akampata, akampa mizunguko michache afurahi, kisha akajaribu kumgeuza.

Hakugeuka. Nanga akajaribu tena, na mara hii ni mikono yake mwenyewe iliyokataa. Vijiti vilikwenda vinakotaka, mawili, kimya, moja, na kila alipovivuta vilimponyoka. Mwimbaji akageuka nyuma kumkazia macho. Harufu ikapanda jukwaani, harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo, na Nanga akatazama vizuri kule kwenye nguzo, akaona kwa nini makofi yale yalikuwa makavu vile. Yule mtu alikuwa anapiga kwa migongo ya mikono. Viganja vilitazama nje, na mifupa ilikuwa inagongana.

Wimbo ukavunjika katikati. Mpiga gitaa la besi akacheka, akadhani mwenzake amekunywa.

"Yule wa meza ya nguzo umemtoa?" Nanga alimuuliza baunsa walipopumzika.

"Meza ipi? Pale si tumeweka spika mbovu? Hakuna meza pale, kaka."

Akajichekesha, akasema basi ni jua. Lakini mpaka dansi linakwisha hakutazama tena upande wa nguzo.

Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alikuwa amekuja na binti yao siku hiyo, wakakaa mbele kabisa na soda zao. Binti alikuwa ameng'oka meno ya mbele yote mawili, na kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na mkono mwepesi wa kubandika majina, wakamwita Kijino. Jioni wakala, na Kijino akawa anagonga kijiko mezani. Mawili, kimya, moja.

"Acha kelele, kula," mama yake akasema.

Kijino akaweka kijiko chini. Akainua mikono yake, akaigeuza viganja nje, akapiga. "Baba, si ndivyo anavyopiga yule mjomba?"

"Mjomba yupi?"

"Yule uliyekuwa unamfuata."

Nanga akalirudisha tonge sahanini.

Tangu siku hiyo mdundo ule ulihamia ndani. Bomba la jikoni lilidondosha maji hivyohivyo, na mkewe alipoketi kwenye cherehani, mguu wake ulikanyaga mawili, ukatulia, ukakanyaga moja, wala mwenyewe hakuwa na habari. Nyumba ilinuka maji ya maua, na hawakuwa na ua hata moja. Kijino akaanza kuchoka. Alikuwa anatoka shule na kulala na sare zake, midomo imekuwa ya kijivu, na alipomlaza kifuani, Nanga aliusikia moyo wa mwanawe ukienda mawili, kimya, moja, na akagundua jambo lililomfanya akae kitako: kile kimya kilikuwa kinarefuka. Kila siku lile la tatu lilichelewa kidogo kuliko jana. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba iko siku halitakuja kabisa.

Daktari alisikiliza kwa muda mrefu, akahamisha chombo chake huku na huku, akasema moyo wa mtoto unaruka mapigo na kwamba ni lazima aende hospitali kubwa akapimwe kwa mashine, na atapangiwa siku. Alisema maneno mazuri na ya upole, na muda wote aliokuwa akiyasema kiatu chake kilikuwa kinagonga sakafu chini ya meza, na Nanga, aliyekuwa amemshika mtoto, alikisikiliza kile kiatu wala hakusikia tena alichoambiwa.

Walipotoka hapo walikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake Nanga, ambaye watu wenye mambo yasiyosemeka walikuwa wakienda kwake kimyakimya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mlete hapa." Akamgusa mtoto kifuani, akanusa nywele zake, akawatoa nje mama na mtoto. Kisha akashusha sauti mpaka Nanga ikabidi ainame. "Ulimfuata nani?"

"Mgeni. Ukumbini. Ni kazi yangu, shangazi, tunawafuata halafu tunawarudisha."

"Watu, ndiyo. Huyo si mtu. Jini la namna hiyo halina mapigo yake, linatafuta wa kulifuata, na wewe ukalifuata mbele ya watu kwa hiari yako. Moyo wako mgumu, umezoea kupigwapigwa. Wa mtoto bado laini, likapita hapo."

"Nifanye nini? Nitafanya lolote."

"Rudi ulikolifuata. Mtoto awepo, nitampakata mwenyewe. Likija, piga yako. Lisikie likipiga yake, na wewe piga yako tu. Na usimtazame mtoto, mwanangu. Ukimtazama utalisubiri, na ukilisubiri kwisha habari yake."

Jumapili ikafika. Nanga alimfuata kiongozi wa bendi wakati wanafunga nyaya. "Leo simbebi mtu."

"Nanga, sheria unaijua."

"Naijua. Leo simbebi."

Kiongozi alimwangalia usoni, akarudi kwenye nyaya zake. Shangazi aliketi mbele na Kijino mapajani, amefunikwa khanga, na mkewe kando yao ameshika mguu wa mtoto. Jua lilikuwa linaingia madirishani, watoto wanakimbizana kati ya meza, fundi bomba ameshaanza kuulizia maiki. Wakapiga wimbo wa kwanza, wakaingia wa pili, na harufu ikaja.

Lilianza kofi moja, kando ya nguzo, kavu. Mawili, kimya, moja. Nanga akakaza meno akapiga yake. Kisha meza ya karibu na nguzo ikadaka, watu wanacheka na kuongea kama kawaida, ila mikono yao imegeuka viganja nje na mifupa inagongana, ikadaka meza ya pili, na ya tatu, na baunsa mlangoni, na fundi bomba, na watoto waliokuwa wakikimbizana wakasimama palepale walipo na kugeuza vijikono vyao, mpaka ukumbi mzima ulikuwa unapiga pigo moja lisilo la wimbo ule wala wimbo wowote. Gitaa la besi likamkimbia. Mwimbaji akaanza kukata maneno, mawili, kimya, moja, macho yamemtoka, anaimba na hajui anachoimba, na Nanga akabaki peke yake upande wake, jasho linamwingia machoni, mguu unapiga, mikono inapiga, na kile kimya kinarefuka, kinarefuka mpaka kila kiungo cha mwili wake kinaomba angoje, asubiri kidogo tu, kofi moja tu limfikie, kwa sababu chini kabisa ya kelele zile zote alikuwa anasikia makofi mengine madogo, dhaifu, yanatoka chini ya khanga, na sauti aliyoijua kuliko zote ikamwambia sikioni, karibu kabisa, "Baba, nisubiri."

Hakutazama. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakutazama. Alipiga yake.

Yakaja mawili. Kikaja kimya. La tatu halikuja.

Ukumbi uliganda, mikono ya watu ikiwa hewani. Mtu wa koti alisimama kando ya nguzo, na kwa mara ya kwanza Nanga akauona uso wake, nao ulikuwa uso wa mteja yeyote aliyeaibishwa mbele ya watu. Akafunga kifungo cha juu. Akapita katikati ya wachezaji bila kumgusa mtu akatoka mlangoni kwenye jua, na harufu ikatoka naye.

"Hapumui!" mkewe akapiga yowe. "Mwanangu hapumui!"

"Usiache!" Shangazi naye akapaza sauti. "Nanga, usiache kupiga!"

Akapiga, ngoma tupu, bendi imesimama, watu wanamtazama, akapiga kwa nguvu zote alizojaliwa, mpaka aliposikia kikohozi. Kisha kilio. Kilio kizuri cha mtoto aliyekasirika.

Akavitupa vijiti, akaruka kutoka jukwaani. Mtoto alikuwa amelegea tena kidogo mikononi mwa shangazi, lakini Nanga alipompakata na kumpigapiga mgongoni kama wanavyobembelezwa watoto wote, akafumbua macho na kuomba soda. Watu walipiga makofi, kwa viganja, ovyoovyo, kila mtu na lake, na hakuna muziki uliowahi kumfurahisha Nanga kuliko fujo ile.

Alimbeba mpaka nyumbani, akimpigapiga mgongoni njia nzima. Bomba la jikoni lilikuwa kimya. Nyumba ilinuka sabuni na vitambaa vipya, na mkewe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja huku anachemsha chai. Nanga akajitupa kwenye kochi, mtoto kifuani, mkono wake ukiendelea na kazi yake polepole.

"Haya, baba Kijino, pokea," mkewe akasema.

Akauondoa mkono mgongoni mwa mtoto apokee kikombe.

Kichwa cha Kijino kikaanguka begani kwake. Nanga alidhani ni usingizi. Kisha akahisi kwamba kifua kilichobanana na chake kilikuwa kimya, kimya kabisa, hakuna mawili wala moja, na hofu ikaurudisha mkono wake mgongoni kwa kofi moja. Moyo wa mtoto ukapiga mara moja. Akapiga tena, ukapiga tena. Akaharakisha, ukaharakisha, na rangi ikarudi midomoni. Akauinua mkono hewani, ahakikishe tu, na chini yake pakawa kimya, akaurudisha upesi kama mtu aliyeungua.

"Mlaze basi kitandani, utachoka," mkewe akasema. "Na chai inapoa."

"Njoo ukae hapa," Nanga akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Weka mkono hapa. Hapo. Sasa mpige hivi, pamoja na mimi. Taratibu. Usiharakishe."

Mkewe aliketi, akacheka kidogo, akaweka mkono wake kando ya wa mumewe, akapiga naye. Alikuwa anapiga sawasawa kabisa. Nanga akasikiliza mizunguko michache, kisha akautoa mkono wake taratibu, akamwachia.

Mkono wa mama ulipiga mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa upendo wote wa dunia, na chini yake hapakuitika kitu.

Nanga akarudisha wa kwake.

"Nimekosea?" mkewe akauliza.

"Hapana," Nanga akasema. "Umepiga vizuri sana."