Muziki wa Piramidi

Kila siku baada ya shule, Chiriku aliosha vyombo, akamaliza hesabu zake, ndipo akaruhusiwa kugusa kompyuta ya shangazi yake. Walimwita msichana huyo Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa fundi wa majokofu, na kompyuta yake kuukuu ilikaa sebuleni kwenye meza iliyojaa bisibisi na mabaki ya nyaya. Jioni aliitumia kutunga muziki, kwa kujifurahisha tu. Hakufundishwa na mtu.

Chiriku alikuwa na wiki tatu akijifunza naye. Kwenye kioo kulikuwa na safu za vijumba. Ukibonyeza kijumba kimoja, ngoma inalia mara moja. Chiriku alibonyeza kwa pupa, na kilichotoka kilikuwa kelele za sufuria zinazoporomoka kabatini. Ndipo siku moja, shangazi akiwa kazini, akafungua folda ya mifano iliyokuja na programu ile. Humo akakuta wimbo mtamu, uliokamilika, wenye ngoma na filimbi. Akaubadilisha jina, akautia kwenye flashi, akampelekea mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa akitafuta muziki wa kikundi cha sarakasi.

"Umetunga mwenyewe?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Kuanzia hapo wenzake wakamwita Mtunzi. Akavishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa bila haya, mpaka Jumatatu ya wiki ya maonyesho.

"Mtunzi," mwalimu alimwambia, "muziki unaisha kabla piramidi ya wanasarakasi haijashuka. Niongezee nusu dakika. Wazazi wanakuja Jumamosi."

"Hakuna shida, Mwalimu."

Shida ilikuwepo, tena kubwa. Jumanne baada ya shule alihangaika na wimbo ambao hakujua umejengwaje. Mwishowe alinakili kipande cha mwisho na kukibandika tena. Pale kwenye kiungo cha vipande hivyo viwili ngoma iliruka pigo moja. Aliisikia vizuri, lakini akajiambia kwamba hakuna atakayegundua.

Jumatano wakafanya mazoezi uwanjani. Wanasarakasi hufuata hesabu: nane za kupanda, nane za kusimama, nane za kushuka. Juu kabisa ya piramidi alisimama rafiki mkubwa wa Chiriku, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti. Muziki ulipofika kwenye kiungo, waliokuwa chini wakahesabu moja, wa katikati wakahesabu mbili. Bega moja likaondoka mapema. Kijiti akaanguka, akatua kwa mkono.

Hakulia. Alikaa mavumbini ameushika mkono wake, nao ukivimba mbele ya macho yao. "Nilihesabu vizuri, Mwalimu," alirudia. "Nilihesabu vizuri."

Muuguzi alisema mfupa haukuvunjika, ila asipande popote kwa wiki tatu. Huku nyuma wenzake wakamvamia msichana mrefu ambaye bega lake liliondoka. Walimwita mzembe mpaka akajifunika uso kwa sweta. Chiriku alisimama pale pale, maji yamemfika shingoni.

Akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya shangazi. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya jokofu. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Ni ule wenye filimbi?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Siku niliyoukuta mimi, nilidhani kompyuta imenihurumia ikanitungia." Alitabasamu kidogo tu. Kisha akaiweka bisibisi chini. "Sikiliza, mwanangu. Mwenzio kavimba mkono, na mwingine anasingiziwa. Kesho kabla ya kengele unamwambia mwalimu. Halafu unawaambia wenzako. Mimi sitakwenda kukusemea."

"Watanichukia, shangazi."

"Huenda. Na muziki nao utautunga, wala sitakushikia kipanya. Mimi nilianza na ngoma peke yake, mwezi mzima, mpaka nikajua kila kijumba kinafanya kazi gani. Wewe ulitaka kuezeka paa kabla ya kujenga ukuta."

Alhamisi asubuhi mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakiita kikundi kizima. "Haya, sema," akamwambia.

Chiriku akasogea mbele. "Dada hapa hakukosea," alisema, akimwelekea yule msichana mrefu. "Muziki ndio uliokosea. Na si wangu. Niliukuta kwenye kompyuta, nikadanganya."

Kijiti aliinua mkono wake uliofungwa bendeji. "Kwa hiyo nimeanguka kwa sababu ya wimbo ambao hata wewe huujui?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Kijiti aliushusha mkono. "Bado sijui," akasema.

Hata hivyo, saa kumi alasiri alibisha hodi kwa kina Chiriku. "Siwezi kupanda," alisema bila kutabasamu. "Nitahesabu, wewe bonyeza."

Wakafanya hivyo: mmoja akihesabu mpaka nane, mwingine akijaza vijumba. Filimbi haikuwepo. Ilikuwa ngoma, makofi na sauti tano za kinanda. Shangazi alikaa kando akifuta zana zake.

Ijumaa, katikati ya mazoezi, ngoma ikakatika. Wote wakaganda, macho yote kwa Chiriku. Safari hii alijua. "Nane ya tatu," alisema. "Nimeruka vijumba viwili. Nisubirini." Nyumbani palikuwa mtaa wa pili tu. Alikimbia, akarekebisha, akarudi anahema. Piramidi ikapanda, mwingine akiwa mahali pa Kijiti, ikasimama, ikashuka, na miguu yote ikagusa ardhi kwa pamoja.

Jumamosi wazazi waliipigia makofi piramidi. Muziki hakuna aliyeutaja. Baadaye mwalimu akawaita Chiriku na Kijiti.

"Ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi, sitakudanganya," alimwambia Chiriku. "Lakini ulipoharibika, hukujua pa kushika. Huu ulipoharibika, ulijua mara moja. Kazi usiyoifanya ukisema ni yako, siku ya kuirekebisha utabaki mikono mitupu, na wanaoanguka ni wale waliokuamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huumiza wengi."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Chiriku. Hakuthubutu kumtazama Kijiti.

Kijiti alikuwa akiikaza bendeji yake. "Mkono ukipona," alisema, "narudi juu. Kwa muziki huo huo wako."