Mwanzi Usio na Namba

Mwanzi ulikuwa umelowa.

Mke wa mpiga saksafoni aliushika kwa ncha za vidole, akaugeuza mbele ya dirisha, mate yakamchuruzika kiganjani. Ilikuwa saa sita mchana. Mumewe alikuwa na siku mbili hajagusa saksafoni kwa sababu midomo ilikuwa imempasuka, na kipande kile chembamba, kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni ili kitetemeke mtu anapopuliza, hukauka upesi.

"Baba Mtoto, nani ameulamba huu?"

"Muulize mwanao," mumewe alitania.

"Ana miezi minne. Atafikaje juu ya kabati?"

Mume alicheka, akauchukua, akauweka mdomoni.

Kilichomkosesha usingizi ni sauti moja tu. Bendi ya ukumbi wa mtaa wa pili ingechagua mpigaji Jumamosi, na wimbo wao ulikuwa na sauti ya juu mno, juu ya pale vibonyezo vyote vinapoishia. Alianza na mwanzi namba mbili na nusu, akapanda tatu, akapanda nne, akiamini kuwa ukizidi ugumu ndivyo sauti inavyopaa. Alipata damu na milio ya panya. Mjomba wake, fundi wa ala za muziki, alimcheka waziwazi.

"Namba nne? Si bora upulize ubao wa kitanda, mpwa wangu! Rudi kwenye tatu. Sauti ya juu unaiandaa kooni kabla hujapuliza."

Hakurudi. Saksafoni yake ilikuwa ya marehemu mmoja, na chini ya kitambaa cha sanduku aliukuta mwanzi usio na namba. Wapigaji wote wanajua kwamba mwanzi wa mwenzako huutii mdomoni, sembuse wa maiti. Yeye aliutia.

Mchana ule aliupuliza huohuo uliolowa, na sauti ikatoka, nyembamba kama sindano. Mtoto, aliyekuwa akililia ziwa, akanyamaza.

Mama alimtazama. Kinywa kilikuwa wazi, uso umeiva, machozi yanatiririka, lakini sauti hakuna. Alitega sikio kwenye midomo yake, akasikia harufu tu, harufu ya majani yaliyooza kwenye maji, na huku chumbani ile sauti iliendelea kupanda na kupanda mpaka vikombe vikatetemeka rafuni, kisha ikashuka kwa kwikwi tatu ndogo, zilezile kwikwi tatu ambazo mwanawe alimalizia kilio chake tangu siku aliyozaliwa.

Alimbeba mtoto mbio hadi kwa fundi. Mjomba alisikiliza, akaufunga mlango wa karakana.

"Mliipokeaje ile saksafoni?" alinong'ona.

"Mjane alitukabidhi yeye na wanawe. Walituonyesha kwa vidole tu, hakuna aliyetamka neno. Nilidhani ni majonzi."

"Si majonzi, mwanangu. Ndani ya ule mwanzi mna jini. Hana sauti yake, anakula za watu wa nyumba. Auvunje aliyeupuliza, kwa hiari yake. Akiuvunja, mtoto atalia."

Mume aliposikia, alipiga magoti akabusu unyayo wa mtoto. Akaingia chumbani, akajifungia. Kisha, ka!

Alitoka macho mekundu. "Nimeuvunja."

"Mbona halii?"

"Mpe muda, mke wangu. Jumamosi nitapuliza namba tatu, kama mjomba alivyosema. Nikikosa, basi nimekosa."

Mke alimwonea huruma. Jumamosi alimpigia pasi shati, akairudia kola mara mbili, akamwombea dua mlangoni. Mume alimuaga bila kumtazama mtoto.

Saa kumi jioni mke alifagia chumba. Nyuma ya mguu wa kabati kulikuwa na vipande viwili vya mwanzi. Alivichukua kwa furaha avitupe nje, mbali na nyumba. Kisha mkono ukasita. Aliviunganisha taratibu, kama mtu anayeunganisha kikombe kilichovunjika, na pale vilipokutana akasoma namba nne.

Ndipo kutoka ukumbini ile sauti ikapaa, ikavuka mapaa ya mtaa mzima, ikaingia dirishani ikiwa nyembamba na safi kuliko siku zote, na mtoto aliyelala kitandani akafumbua macho, akapanua kinywa, kifua chake kikipanda na kushuka pamoja na kila pumzi ya baba yake kule mbali, mama akamkumbatia, akaukimbilia mlango, akajaza hewa kifuani na kumwita mumewe kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Kule ukumbini, sauti zikawa mbili. Watu wakapiga makofi.