Jina la Tatu kwenye Nyumba ya Krete

Ijumaa ile stesheni ya Central jijini Sydney ilifurika watu hadi kupiga chafya kulihitaji nafasi. Mbula Muema alisimama karibu na ubao wa treni, gauni la njano limemkaa vizuri, viatu vyeupe vipya miguuni, simu sikioni. Alikuwa akimlalamikia Rispah, rafiki yake aliyepanga naye nyumba Kensington, jinsi siku ilivyomwendea vibaya, na hapo hapo mtu akamkanyaga.

"Ngoja, Rispah. Kuna jitu limenikanyaga na viatu vyangu vipya. Refu kama mlingoti, na halina macho."

"Macho ninayo, dada," sauti ikajibu nyuma yake. "Yalikuwa yanaangalia gauni. Nisamehe."

Mbula akageuka. Hakuwa ametarajia kusikia Kiswahili pale, tena kile cha Kigoma, kimetulia. Jitu lenyewe lilivaa sare ya kazi ya bluu na lilikuwa limeshapiga goti, likifuta kiatu kwa leso ya karatasi, watu wakilipita kulia na kushoto. Liliitwa Égide Ndikumana, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, sasa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Doonside.

"Na usiniite dada," Mbula akamwambia. "Nina kaka watatu, wananitosha."

"Kwetu kila mwanamke ni dada."

"Basi mimi nitoe kwenye hiyo hesabu."

Treni ilichelewa dakika ishirini. Ilipofika, Égide alikuwa na namba yake ya simu.

Niseme mapema, ili mtu asije kunilaumu: Mbula alikuwa na wivu. Si ule wa kununa kidogo na kubembelezwa. Wake ulikuwa wa kuuliza maswali. Égide alipomsimulia kwamba bibi mmoja pale kazini, mwenye miaka tisini na mmoja, humwita darling, Mbula alitaka kujua bibi huyo huvaa nini. Égide alicheka mpaka akakaa chini. Mbula hakucheka.

Lakini walipendana, hilo halina ubishi. Mwaka na nusu ulipita, Mbula akigawa wiki yake kati ya masomo ya chuo na kazi ya uuguzi katika kliniki ya watoto Quakers Hill, Égide akimngojea stesheni na sambusa za moto kwenye mfuko. Mwaka huo wa pili wakaamua kusafiri pamoja, safari yao ya kwanza. Mbula alitaka kile kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe, ambacho kila mtu anapigia picha.

"Twende Krete," Égide akasema.

"Krete? Mimi Krete nimeisikia kanisani tu."

"Ni kisiwa kikubwa, mpenzi. Kina milima, kina bahari, kina kila kitu."

"Hata nyumba nyeupe?"

"Nitakupakia moja rangi kwa mikono yangu."

Mbula akakubali, kwa sababu alikuwa akibembelezwa vizuri. Alibandika kalenda kwenye friji, tarehe nne hadi kumi na nne Septemba zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu. Alinunua kofia pana ya ukili na nguo ya kuogelea ya kijani ambayo Rispah alisema itasababisha ajali. Usiku hata usingizi ulimpaa kwa furaha.

Siku moja wakichagua mahali pa kutembelea, akamtania. "Na ukitaka kunioa je? Kwetu Kitui mwanamume hawezi kujipelekea mbuzi wa ntheo. Wale mbuzi watatu huletwa na watu wake, ndipo ijulikane kwamba binti ameposwa. Wewe utamtuma nani? Wazee wako wa Doonside, na magongo yao?"

Égide aliinamia ramani. Baba yake aliuawa zamani, mama yake alizikwa hapa hapa Sydney miaka mitatu iliyopita. "Nimebaki peke yangu," alimwambia siku za mwanzo, na Mbula hakuwahi kuchimba zaidi. Sasa alijuta utani wake, akamshika mkono, wakaendelea kutazama ramani.

Mambo yakaharibika wiki tatu baadaye. Mbula, akiwa na pasipoti ya Kenya, alihitaji viza, na miadi ilikuwa Alhamisi. Égide alimpa, nyumbani kwake, bahasha yenye karatasi ya nyumba waliyopanga mjini Heraklion. Wakati anachemsha chai jikoni, simu yake ikawaka mezani. Mbula hakuigusa. Aliisoma tu, na macho hayana kosa.

Darlène: Nyumba ni nzuri, nimeenda kuiona. Huyo wako usimwambie bado.

Mbula aliisoma mara ya pili. Alikunywa chai yote, akaaga, akapanda treni, na humo ndani akafungua bahasha. Karatasi ilikuwa na majina matatu. Égide Ndikumana. Darlène Nahimana. Mbula Muema. Hata kwenye karatasi mwanamke huyo alikuwa amejipenyeza katikati yao.

Akapiga simu pale pale, abiria wasikie wasisikie.

"Darlène ni nani?"

Égide akasema taratibu, "Ni dada yangu."

"Hata mimi ulianza kuniita dada."

"Huyu ni wa damu, Mbula. Baba mmoja, mama mmoja."

"Yule aliyebaki peke yake leo ana dada?"

"Nilitaka kukuambia kwa wakati wake. Siwezi kueleza kwenye simu."

"Baba mmoja, mama mmoja. Ndikumana na Nahimana." Mbula alicheka kicheko kibaya. Yeye na kaka zake watatu wote walikuwa Muema, jina la baba yao, na hakujua familia ya Kikristo iliyofanya vingine. "Égide, mwanamke ningeweza kumsamehe. Uongo wa kitoto siwezi."

"Kwetu majina hayako hivyo. Nisikilize, mpenzi."

Alikata. Akaifunga namba yake isipite tena.

"Huyo jamaa alikuona fala," Rispah akamwambia akiwa amejaza mdomo chapati. "Imagine kukupeleka Ugiriki ukutane na mwenzako kwa nyumba moja. Hiyo ni confidence gani?"

"Rispah, usiniongezee."

"Siongezi. Nasema tu venye iko."

Égide alikuja mara mbili Kensington. Mara ya kwanza Rispah alimwambia Mbula hayupo, na Mbula alikuwa amekaa nyuma ya mlango akisikia kila kitu. Mara ya pili aliacha mfuko wa sambusa kwenye kitasa. Zilipoa pale pale. Rispah ndiye aliyezila, akasema ni tamu kwa mtu muongo.

Mbula alitafuta picha za Darlène Nahimana mtandaoni, akapata moja tu. Mwanamke mwenye kilemba cheupe, shingo ndefu, tabasamu la upande mmoja. Mzuri. Angekuwa na sura mbaya ingeuma kidogo, lakini alikuwa mzuri, na Mbula aliirudia picha ile mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri.

Jumatano, siku moja kabla ya miadi, alikuwa kazini akiita watoto wa chanjo. Orodha ilisema Kevin Bukuru, akaita. Wakasimama watoto wawili wa kiume, sura moja, fulana moja ya mistari, hata pengo la meno mahali pamoja.

"Mmoja mmoja," akasema. "Nani Bukuru?"

"Me," mmoja akajibu.

"Na wewe?"

"Kelly Butoyi. We're twins," mwingine akasema, kama vile anamweleza mtu asiyeona.

Mbula aliitazama orodha, kisha akamtazama mama yao, mama mnene mpole mwenye kitenge. Jina lake lilikuwa Gloriose Habonimana. "Mama, hawa ni pacha kweli? Mbona kila mmoja ana jina lake?"

"Kwetu Burundi jina ni ya mtoto, haiko ya baba," Gloriose akamjibu bila haraka, kwa kuwa alishaulizwa hivyo na ofisi zote za Blacktown. "Baba yao naye ana jina yake. Mwenye kuzaliwa wa kwanza ni Bukuru, mwenye kumufuata ni Butoyi. Mimi na ndugu zangu tuko saba, majina saba. Hapa wazungu wanafikiri nimeokota watoto."

Mbula alichoma chanjo zote mbili, maana kazi ni kazi. Kisha akaingia chumba cha dawa, akaegemea kabati, akajifunika uso. Aliona aibu. Alikuwa amemwita mtu muongo kwa sababu ya jina alilopewa na baba yake.

Saa kumi na mbili jioni aligonga mlango wa Égide, aliyeishi kule kule Doonside, bado na sare ya kliniki, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Égide alifungua. Alikuwa amekonda.

"Nimekutana na Bukuru na Butoyi," Mbula akasema.

Égide akaelewa, akafungua mlango wote. Hakucheka. "Ingia."

Alimweleza wakiwa wamesimama jikoni. Darlène ndiye mkubwa wake. Aliondoka kambini kutafuta kazi, na familia ikaitwa kuja Australia kabla hajarudi. Walimtafuta miaka kumi na miwili. Mara moja mwanamke fulani alimpigia mama yao simu akijifanya Darlène, mama akafurahi siku nne nzima, kisha ukweli ukajulikana. Mama hakupona vizuri tangu hapo. Kwa hiyo mwaka huu, alipopata ujumbe wa Darlène kutoka Krete, alikofika akitafuta kazi, Égide hakumwambia mtu. Alingoja mpaka apate uhakika.

"Na baada ya kupata uhakika?"

"Yeye mwenyewe alinikataza. Anaosha vyombo hotelini, anasema hataki umhurumie kabla hujamwona." Akavuta pumzi. "Na uliniuliza nani atapeleka mbuzi Kitui. Sina mwingine, Mbula. Ni yeye tu."

Mbula alilia. Égide naye akamfuta uso kwa leso ya karatasi, kama alivyofuta kile kiatu.

"Mpigie," Mbula akasema. "Nimwombe radhi."

Kule Krete ilikuwa bado asubuhi. Darlène alitokea kwenye kioo akiwa na aproni iliyolowa, kilemba kile kile cheupe, masufuria nyuma yake. Hakutabasamu. Alimkagua Mbula kuanzia nywele hadi mahali kamera ilipoishia.

"Ndiyo wewe unanichukulia mdogo wangu?"

"Ndiyo mimi, wifi. Nisamehe. Nilidhani..."

"Ameniambia ulichodhani." Darlène alifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nilimuacha ana miaka kumi na sita. Miaka kumi na mbili namuota. Sasa Mungu ananipa yeye siku kumi, na anakuja na mtu. Nitamwona saa ngapi? Nikimshika mkono huu, wewe uko na ule mwingine. Nimewaona wapendanao hapa hotelini. Hawaoni watu."

"Darlène," Égide akasema.

"Mwache aseme," Mbula akamkatiza. Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya maswali ya saa nane usiku, ya kutazama picha moja mara mia. Hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mwingine.

Akachukua kalamu kwenye friji, akatoa mkobani ile karatasi yenye majina matatu. Alipiga mstari juu ya tarehe yake ya kufika, akaandika nyingine.

"Yeye aje tarehe nne. Mimi nitafika tarehe tisa. Kesho kwenye viza nitapeleka hivyo."

Égide akageuka. "Na wewe siku zote hizo?"

"Nitakuwa Kensington, nikila wivu na chapati za Rispah. Nimezoea." Kisha akamsogelea mwanamke wa kwenye simu. "Wifi, nakuazima siku tano. Usimwachie usiku wala mchana. Tarehe tisa nakuja kumchukua."

Lile tabasamu la upande mmoja likamtoka Darlène polepole, na machozi nyuma yake.

"Njoo," akasema. "Lakini uniambie kabisa leo. Hao mbuzi watatu wa kwenu alionitajia mdogo wangu, mnataka madume au majike?"